Akili Mnemba Katika Tasnia Mbalimbali: Mashine Inajibu Swali Gani Hasa?

Hospitali inayosoma picha za mapafu kwa msaada wa kompyuta, benki inayozuia kadi iliyoibwa kabla mwenyewe hajashtuka, kiwanda kinachobadilisha beringi kabla haijavunjika na kituo cha hali ya hewa kinachotabiri njia ya kimbunga ni shughuli zisizofanana hata kidogo machoni pa wanaozifanya. Hata hivyo, kinachotendeka ndani ya kompyuta zao kinakaribiana mno. Kila taasisi imekusanya mifano mingi ya zamani, kila mfano ukiwa na jibu lake, kisha programu imetafuta yenyewe njia ya kutoka kwenye mfano hadi kwenye jibu, bila mtu kuiandikia kanuni moja baada ya nyingine. Orodha ya matumizi ya akili mnemba inaweza kujaza kurasa nyingi na bado ikamwacha msomaji gizani, kwa sababu haielezi kwa nini teknolojia ile ile imevuma katika fani moja na kuaibika katika nyingine. Maelezo yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, hayapatikani katika ukubwa wa kompyuta wala ustadi wa waandishi wa programu. Yanapatikana katika jibu ambalo mashine ilifundishiwa, na iwapo jibu hilo ndilo kweli tulilokuwa tukilitafuta.

Kujifunza kwa mashine si fikra mpya. Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alichapisha kazi yake kuhusu programu ya kucheza drafti iliyoboresha mchezo wake kwa kadiri ilivyozidi kucheza, na mwaka mmoja kabla yake Frank Rosenblatt alikuwa ameeleza mtambo uliojifunza kwa kuigiza, kwa mbali sana, seli za ubongo. Modeli za leo, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, zimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Ndani yake mna namba nyingi, wakati mwingine mabilioni, zinazoweza kuongezwa au kupunguzwa. Modeli hupewa mfano, hukisia jibu, kisio hilo hulinganishwa na jibu sahihi, na namba hurekebishwa kidogo ili kosa lipungue. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kupita uwezo wa binadamu wa kuhesabu kwa mkono, mpaka makosa yanapokuwa machache ya kutosha.

Kilichobadilisha mambo ni mkusanyiko wa mifano na nguvu ya kompyuta. Katika shindano la kutambua picha la ImageNet mwaka 2012, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walifundisha mtandao wa neva, yaani modeli inayoigiza kwa mbali seli za ubongo kama ule mtambo wa Rosenblatt, kwa picha zipatazo milioni 1.2 zilizogawanywa katika makundi 1,000. Kiwango chao cha makosa kilikuwa asilimia 15.3, ilhali aliyewafuatia alikuwa na asilimia 26.2. Katika mashindano ambayo washiriki walizoea kupishana kwa pointi chache, pengo hilo liliwafanya watafiti wa fani nyingine nyingi waanze kujiuliza kama na wao wana rundo la mifano yenye majibu.

Neno la kushikilia hapo ni majibu. Modeli haina habari na nia ya aliyeiunda. Inachokiona ni tofauti kati ya kisio lake na jibu lililoandikwa kwenye data, na itafuata njia yoyote inayopunguza tofauti hiyo, hata kama ni njia ambayo mtaalamu wa fani angeikataa papo hapo.

Pale ambapo majibu yalikuwa ya kweli

Utabiri wa hali ya hewa ni mfano mzuri wa fani iliyokuwa tayari bila yenyewe kujua. Kwa miongo mingi watabiri wametumia kompyuta kubwa kukokotoa milinganyo ya fizikia inayoeleza mwendo wa hewa, joto na unyevu. Wakati huo huo vipimo vya angahewa vilikuwa vikihifadhiwa, na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilivipanga upya kuwa kumbukumbu moja inayoonyesha hali ya anga ya dunia nzima, saa kwa saa, kwa miaka mingi iliyopita. Kumbukumbu hiyo ni hazina ya maswali yenye majibu: hali ya anga asubuhi ni swali, na hali ya anga saa sita baadaye ni jibu. Mwaka 2023 modeli ya Pangu-Weather ya Huawei na ile ya GraphCast ya Google DeepMind zilionyesha kwamba mashine iliyofundishwa kwa kumbukumbu hiyo inaweza kushindana na utabiri wa kawaida, na katika vipimo vingi kuushinda. GraphCast hutoa utabiri wa siku kumi kwa muda usiozidi dakika moja. Mwezi Februari 2025 ECMWF yenyewe ilianza kutumia rasmi modeli yake ya akili mnemba sambamba na ile ya fizikia.

Ufanisi huu haukuondoa fizikia. Modeli hizi huanza na picha ya hali ya anga ya sasa, na picha hiyo hutayarishwa kwa mifumo ya fizikia inayounganisha vipimo vya setilaiti, maputo, meli na vituo vya nchi kavu. Hata kumbukumbu walizosomea zilitengenezwa kwa mifumo hiyo hiyo. Lakini fani hii ina baraka ambayo nyingine hazina: kesho ikifika, jibu sahihi huja lenyewe, na mtabiri aliyekosea hana pa kujificha.

Biolojia nayo ilikuwa na akiba ya namna hiyo. Tangu mwaka 1971 wanasayansi wamekuwa wakiweka katika hifadhi moja ya umma maumbo ya protini waliyoyabaini maabara kwa kazi ngumu, na umbo moja liliweza kumchukua mtafiti miezi au hata miaka. AlphaFold ya DeepMind ilifundishwa kwa hifadhi hiyo, na mwaka 2020 ilikisia maumbo ya protini ambayo majibu yake yalikuwa bado yamefichwa, kwa usahihi uliowashangaza waamuzi wa shindano la kukisia maumbo hayo. Mwaka 2022 makisio ya maumbo zaidi ya milioni 200 yaliwekwa wazi kwa watafiti wote, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na David Baker. Sifa waliyoipata ni halali, ila nyuma yao kuna nusu karne ya watu wa maabara waliohakiki kila jibu kabla ya kuliweka hifadhini.

Hospitalini, ambako jibu huvaa sura ya jibu jingine

Tiba ndiyo fani inayotoa funzo gumu zaidi, kwa hiyo inastahili kukaliwa kidogo.

Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Marekani walijenga modeli za kukadiria ni mgonjwa yupi wa nimonia aliye katika hatari ya kufa, ili mwenye hatari ndogo aruhusiwe kutibiwa nyumbani. Modeli mojawapo ilijifunza kanuni ya ajabu, kwamba mgonjwa wa nimonia ambaye pia ana pumu ana hatari ndogo kuliko mwenzake asiye na pumu. Daktari yeyote angeshtuka. Hata hivyo, data haikudanganya. Wagonjwa wenye pumu walipougua nimonia walipelekwa moja kwa moja katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakapata uangalizi wa karibu, na kwa sababu hiyo wakafa wachache. Waliotengeneza modeli walidhani wameuliza nani yuko hatarini, kumbe data ilijibu nani alikufa baada ya kutibiwa jinsi alivyotibiwa. Mtandao wa neva uliokuwa na usahihi mkubwa kuliko modeli nyingine uliwekwa kando, kwa kuwa haukuweza kufunguliwa ili ionekane ni kanuni gani nyingine za namna hiyo zilizojificha ndani yake. Rich Caruana, mmoja wa watafiti hao, alikirudia kisa hiki katika andiko la mwaka 2015 akitetea modeli ambazo binadamu anaweza kuzisoma.

Kosa la aina hiyo huweza kuchukua sura nyingine. Mwaka 2018 watafiti walichunguza modeli za kutambua nimonia katika picha za eksirei kutoka hospitali tofauti, wakagundua kwamba modeli ziliweza kutambua karibu bila kukosea picha imetoka hospitali gani. Kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa nimonia, kujua hospitali kulitosha kuongeza alama za usahihi bila kulitazama pafu. Modeli hizo zilipohamishiwa hospitali nyingine, mara nyingi zilifanya vibaya zaidi.

Mfano unaouma kuliko yote ulichapishwa mwaka 2019 na kundi la Ziad Obermeyer. Mfumo uliokuwa ukitumika sana nchini Marekani ulipanga ni wagonjwa gani wapewe uangalizi wa ziada kwa sababu hali zao ni ngumu. Ugumu wa hali hauna namba iliyo tayari kwenye kompyuta, hivyo waliobuni mfumo walitumia gharama za matibabu badala yake, kwa hoja kwamba anayeugua sana hutumia fedha nyingi. Kwa mgonjwa asiyefikiwa na huduma ipasavyo hoja hiyo huanguka. Wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye maradhi ya kiwango kile kile, kwa hiyo mfumo uliwaona kuwa wazima zaidi. Watafiti walikadiria kwamba dosari hiyo ikirekebishwa, sehemu ya wagonjwa weusi miongoni mwa wanaopewa msaada wa ziada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Mfumo haukuwa umeingiziwa rangi ya mtu popote, wala haukukosea hesabu. Ulikisia gharama, na gharama uliikisia vizuri.

Sitaki ieleweke kwamba akili mnemba haina nafasi katika tiba. Mwezi Aprili 2018 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, iliidhinisha mfumo wa kwanza unaotoa uamuzi kuhusu madhara ya kisukari kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, bila daktari kuitafsiri picha. Kazi hiyo inafaa kwa mashine kwa sababu swali ni finyu, picha hupigwa kwa namna ile ile, na jibu limehakikiwa na madaktari bingwa kadhaa. Hata hapo, safari ya kutoka maabara hadi kliniki ina mabonde yake. Mfumo wa Google wa kazi kama hiyo ulipojaribiwa katika kliniki za Thailand, taarifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba zaidi ya picha moja katika kila tano zilikataliwa na mfumo kwa kukosa ubora, kwa kuwa baadhi ya vyumba vilikuwa na mwanga mbaya kwa kazi hiyo, na wauguzi walilazimika kuwaelekeza wagonjwa waende kwa mtaalamu mahali pengine, siku nyingine. Katika baadhi ya vituo intaneti ilipokuwa ya kusuasua, foleni ilisimama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kasoro ya hesabu.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton alisema watu waache kufundisha wataalamu wapya wa radiolojia, kwani ndani ya miaka mitano mashine zingewapita. Muda huo umepita na wataalamu hao bado wanatafutwa, kwa sababu kusoma picha ni sehemu moja tu ya kazi yao, tena ile sehemu ambayo jibu lake huandikika kirahisi.

Fedha, viwanda na mashamba

Benki zilianza mapema. Mfumo wa Falcon wa kugundua ulaghai wa kadi ulikuwa ukitumia mitandao ya neva tangu mwaka 1992, na baadaye katika muongo huo mifumo iliyotokana na kazi ya Yann LeCun na wenzake ilikuwa ikisoma namba zilizoandikwa kwa mkono kwenye hundi. Ugumu wa ulaghai ni uchache wake, na hapa inafaa kupiga hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa miamala 1,000,000 ambayo ndani yake 1,000 ni ya walaghai. Modeli inayotangaza kila muamala kuwa halali ina usahihi wa asilimia 99.9 na haina faida yoyote. Sasa tuwe na modeli nzuri inayonasa asilimia 95 ya walaghai na kumshuku kimakosa mteja halali mmoja tu katika kila 100. Itanasa miamala 950 ya kweli, lakini pia itaizuia miamala 9,990 ya watu wasio na hatia. Kati ya miamala 10,940 iliyozuiwa, ile ya walaghai haifiki asilimia tisa. Ndiyo sababu benki haitosheki na namba moja ya usahihi, bali huuliza mteja aliyezuiwa bure anagharimu nini, mlaghai aliyepita anagharimu nini, na kama ujumbe mfupi wa kuuliza iwapo ni yeye anayelipa hautoshi badala ya kufunga kadi. Jibu la maswali hayo halimo kwenye data, ni uamuzi wa biashara. Zaidi ya hayo, mlaghai naye hujifunza, hivyo mifano ya mwaka jana huchakaa upesi.

Mikopo ina tatizo la kimya zaidi. Benki hujua nani alilipa na nani alishindwa miongoni mwa waliokopeshwa tu. Aliyenyimwa hakupata nafasi ya kuonyesha kwamba angelipa, kwa hiyo modeli inayofundishwa kwa kumbukumbu za mikopo hurithi masharti ya maofisa wa zamani na kuyaona kama sheria ya maumbile. Ajira zina ugonjwa huo huo: mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na mfumo wa majaribio wa kupima wasifu wa waombaji kazi baada ya kubainika kwamba uliwashusha wanawake, kwani ulisomea wasifu wa miaka kumi ambao wengi wao ulitoka kwa wanaume.

Viwandani mambo huwa mepesi kiasi. Kihisi kilichofungwa kwenye mota husikiliza mtetemo, na beringi inayoanza kuchakaa hubadilisha mtetemo huo kabla sikio la fundi halijagundua. Shida ya kawaida ni kwamba mitambo inayotunzwa vizuri huharibika mara chache, kwa hiyo mifano ya uharibifu ni adimu. Mafundi wengi wa data hukwepa tatizo hilo kwa kuifundisha modeli hali ya uzima peke yake, kisha kuiagiza ipige kengele ionapo kitu kisichofanana nayo.

Kilimo kinaonyesha waziwazi umbali uliopo kati ya mtihani na shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia picha zaidi ya 54,000 za majani ya mimea 14 kutambua maradhi 26. Katika picha zilizowekwa kando kwa mtihani, modeli ilipata asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi uliporomoka hadi karibu asilimia 31. Majani ya kufundishia yalikuwa yamechumwa moja moja na kulazwa juu ya mandhari tupu, ilhali shambani jani limefunikwa na jani jenzake, lina vumbi, kivuli kinalikata nusu, na huenda lina maradhi mawili kwa pamoja. Watafiti wenyewe waliiandika namba ya pili kwa uaminifu, ila anayenukuu utafiti huo kwa ajili ya tangazo huichukua ya kwanza.

Mashine zinazoandika

Modeli za lugha, ambazo ziliingia midomoni mwa watu wote baada ya ChatGPT kutolewa tarehe 30 Novemba 2022, hufuata utaratibu huo huo kwa kiwango kikubwa. Mfano ni kipande cha maandishi na jibu ni neno, au sehemu ya neno, linalofuata. Baada ya hapo modeli hunolewa zaidi kwa kutumia majibu ambayo binadamu waliyapendelea. Katika hatua zote mbili ukweli hauingii kama kipimo cha moja kwa moja, isipokuwa pale ambapo maneno yanayoelekea kufuata ndiyo pia ya kweli. Mara nyingi huwa hivyo, na ndiyo sababu mashine hizi zinafaa kwa kufupisha ripoti, kutafsiri, kuandika rasimu na kusaidia waandishi wa programu, ambao angalau huweza kuiendesha programu waone kama inafanya kazi.

Mwanasheria hana njia ya namna hiyo ya kuendesha hoja yake aone kama inasimama. Mwaka 2023 mawakili katika kesi moja mjini New York waliwasilisha mahakamani marejeo ya hukumu ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT, na mahakama ikawatoza faini ya dola 5,000. Hukumu hizo za kubuni zilikuwa na majina ya wadaawa na namba za kesi, kama hukumu halisi zinavyokuwa, kwa sababu mashine ilijifunza hukumu zinavyoandikwa. Mwaka uliofuata baraza la usuluhishi nchini Kanada liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada linawajibika kwa maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu kwa anayesafiri kwa sababu ya kufiwa, yaliyotolewa na programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake. Shirika lilikuwa limejaribu kujitenga na maneno ya programu hiyo, na baraza halikukubali.

Kisio likigeuzwa kuwa fedha

Soko la nyumba la Marekani linaonyesha jinsi modeli ile ile inavyoweza kuwa ya manufaa au ya hasara kwa kutegemea inafanyiwa nini. Kampuni ya Zillow ilikuwa imejijengea jina kwa kukadiria bei za nyumba na kuzionyesha kwa yeyote aliyetaka kujua. Baadaye ikaanza kununua nyumba ili iziuze, ikitegemea makadirio ya kompyuta katika kupanga bei. Mwezi Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza takribani robo ya wafanyakazi wake, baada ya kubaki na nyumba nyingi ilizozinunua kwa bei iliyozidi ile ambayo soko lingelipa.

Bei zilikuwa zikiyumba kuliko kawaida wakati huo, na hilo lilichangia. Lakini kuna jambo la ndani zaidi ambalo kipimo cha wastani hakilionyeshi. Modeli inayokosea juu na chini kwa kiasi sawa ina wastani mzuri. Muuzaji anayepewa bei pungufu, hata hivyo, hukataa na kwenda kwingine, na anayepewa bei iliyopita thamani hukubali haraka, kwa maana yeye anaijua nyumba yake kuliko kompyuta. Kwa hiyo mnunuzi anayetegemea makisio huelekea kubaki na yale makosa yanayomuumiza. Makadirio ya bei yenyewe Zillow haikuyaacha. Yaliendelea kuonyeshwa kwenye tovuti yake, na wanaotafuta nyumba waliendelea kuyatazama kabla ya kumpigia dalali.